Bia Iliyokatazwa Kutaja Ukali Wake

Kuanzia mwaka 1935 hadi mwaka 1995, kiwanda cha bia cha Marekani kilichoandika kwenye kopo kwamba bia iliyomo ina kilevi asilimia kadhaa kilikuwa kinavunja sheria ya shirikisho, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo yenyewe ilikitaka kiandike. Wiski ililazimika kutaja. Mvinyo mkali nao ulilazimika. Bia ikafungwa mdomo. Mnywaji aliligeuza kopo huku na huku, akasoma jina la mji, akatazama picha ya farasi au ya dume la ng'ombe, na lile alilotaka hasa kulijua asilione.

Sababu ilikuwepo. Marufuku ya pombe Marekani iliondolewa Desemba 1933, viwanda vikafunguliwa kwa pupa, na wabunge wakaogopa kwamba kampuni zitaanza kushindana kwa ukali: huyu atangaze asilimia tano, yule sita, mwingine saba, hadi watu waanguke barabarani. Wakaona dawa ni kuficha namba. Lakini mfanyabiashara ukimfungia mlango hutafuta dirisha, na dirisha lenyewe likawa aina ya bia inayoitwa malti lika. Sheria ilikataza tarakimu, haikukataza jina hilo. Muda si mrefu kila aliyeingia dukani akajua kwamba kopo lenye jina hilo lina nguvu kuliko jirani zake kwenye rafu.

Ndiyo maana nasema anayetaka kuielewa malti lika kwa kuionja tu ataishia njiani. Bia hii imefinyangwa na sheria, kodi na matangazo, kwa kiwango kilekile ilivyofinyangwa na mahindi na shayiri. Hata hivyo tuanzie kwenye sufuria, kwa sababu huko nako kuna mengi yasiyosemwa.

Kwanza, malti lika ni lager. Chachu yake ni ya ukoo uleule wa chachu ya Kilimanjaro, Tusker au Primus, inayofanya kazi penye baridi na kutua chini ya tangi. Kwa macho huwezi kuitofautisha na lager ya kawaida: rangi ya dhahabu iliyopauka, maji yanayong'aa, povu jeupe linalopanda kwa haraka na kupotea kwa haraka. Tofauti imo kwenye kile ambacho chachu imelishwa.

Mtu aliyewahi kukaa karibu na mama anayepika mbege au komoni anajua kazi ya kimea. Nafaka inalowekwa, inaachwa iote, inaanikwa, inasagwa, na kule kuota kunazalisha vimeng'enya vinavyokata wanga ukawa sukari. Chachu haili wanga, inakula sukari. Shayiri ya Marekani, ile yenye mistari sita ya punje kwenye suke, ina vimeng'enya vingi kupita mahitaji ya wanga wake yenyewe, kwa hiyo huweza kumeng'enya na nafaka ya wengine: mahindi yaliyokobolewa, au mchele. Wajerumani waliohamia Marekani waligundua jambo hili katika karne ya 19, wakapata lager nyepesi kuliko za kwao, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa bia ya Mmarekani wa kawaida. Malti lika ilichukua mbinu hiyohiyo ikaivuta mbali zaidi. Mahindi yakazidi, mara nyingine sukari safi ikamwagwa moja kwa moja ndani ya sufuria, na vimeng'enya vya kutengenezwa kiwandani vikaongezwa juu yake.

Hivi vimeng'enya vya ziada ndivyo vya kutazama. Katika bia ya kawaida kuna sukari ambazo molekuli zake ni ndefu mno, chachu haiziwezi, zinabaki. Hizo zilizobaki ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Ndizo zinazokufanya ujisikie umeshiba baada ya glasi mbili. Ukileta kimeng'enya kinachozikatakata, chachu inakula mpaka mwisho wa sahani. Matokeo yake ni bia yenye kilevi kingi lakini nyepesi kooni. Linganisha na boki ya Ujerumani yenye kilevi asilimia saba: nzito, ina ladha ya mkate uliochomwa, inakulazimisha upumzike kati ya funda na funda. Malti lika yenye asilimia saba hiyohiyo haikupi onyo lolote. Hopsi, ua lile linaloleta uchungu, limewekwa la kuhesabika, kwa hiyo hakuna kinachokukwaruza ulimi.

Imimine kwenye glasi, usinywee kopo. Ikiwa imetoka kwenye barafu, pua inapata mahindi ya kuchemsha kwanza, halafu kwa mbali tufaa lililoiva kupita kiasi. Mdomoni ni utamu mdogo, gesi nyingi, kisha joto linaloshuka kifuani. Iache mezani robo saa. Utamu unakuwa wa sharubati, na lile joto linageuka harufu ya spiriti ambayo huwezi tena kujifanya huisikii. Bia hii imetengenezwa inywewe baridi kali, na imetengenezwa inywewe mapema. Mimi sioni haya kusema kwamba si bia ya kutafakari. Lakini sikubaliani na wanaoidharau kama kazi ya ovyo, kwa maana isiyo na hopsi nyingi wala kimea cha kukaanga haina pa kuficha kosa, na mtengenezaji akizembea kwenye joto la tangi, kila mnywaji atajua.

Kuna tahadhari moja hapa kwa wasikilizaji wetu wa Zanzibar, Mombasa na Muscat, ambako kinywaji cha malti dukani ni soda ya shayiri isiyo na kilevi, ya kunywewa hata wakati wa futari. Ndugu yenu akiwa Ohio na kuliona neno malti kwenye kopo, asichukue kwa kuzoea. Wala wa Nairobi wasifikirie Tusker Malt, ambayo sifa yake ni kupikwa kwa kimea kitupu. Hii ya Marekani mara nyingi ndiyo yenye kimea kidogo kuliko bia zote za duka hilo.

Ilianzia wapi? Wanaofuatilia historia ya bia Marekani huanza na Clix, iliyotoka mwaka 1937 katika kiwanda cha Grand Valley, mji mdogo wa Ionia, jimbo la Michigan. Mtengenezaji aliyeacha alama zaidi ni Alvin Gluek wa Minneapolis. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha bia tangu karne ya 19. Wakati wa vita kuu ya pili kimea kilipangiwa mgao, na anayetegemea shayiri tupu alibanwa. Gluek akatoa bia iliyoitwa Stite, nyepesi, kavu, kali, na mwaka 1948 akapata hataza ya namna ya kuitengeneza. Wengine nao wakatafuta njia zao.

Utashangaa ukisikia bia hii ililengwa kwa nani mwanzoni. Kwa wenye nafasi zao! Rangi iliyopauka, gesi nyingi, ukavu mdomoni: waliitangaza kama ndugu wa shampeni. Kiwanda kimoja cha Trenton, New Jersey, kilitengeneza Champale, na matangazo yake yaliionyesha ikimiminwa kwenye glasi pana zenye shingo nyembamba, za karamuni. Kiwanda cha M.K. Goetz cha St. Joseph, Missouri, kilitoa Country Club, jina linalokupeleka moja kwa moja kwenye klabu ya gofu ya matajiri, na kikaiweka katika makopo madogo ya wakia nane, yaani chini kidogo ya robo lita. Ilikuwa bia ya kopo dogo, ya mke na mume Wazungu wa kitongoji kizuri, kabla ya chakula cha jioni.

Hawakuinunua. Au niseme, waliinunua kidogo, si kwa kiasi cha kumfurahisha mwenye kiwanda. Aliyekuwa na pesa ya shampeni alinunua shampeni.

Mwaka 1963 kiwanda cha National cha Baltimore, kilichokuwa chini ya Jerold Hoffberger, mtu aliyemiliki pia timu ya besiboli ya mji huo, kilitoa Colt 45. Kampuni ilieleza kwamba jina lilitokana na Jerry Hill, mchezaji wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Baltimore Colts aliyevaa jezi namba 45, wala halikuhusiana na bastola mashuhuri ya jina hilo. Mwenye kuamini na aamini. Kwenye kopo kulikuwa na farasi anayerusha mateke na kiatu cha farasi. Huku Milwaukee, Schlitz nao wakaleta malti lika yao, na katika matangazo ya televisheni dume la ng'ombe likawa linabomoa ukuta kila mtu akifungua kopo. Tazama hapo jinsi sheria ya 1935 inavyofanya kazi kinyumenyume. Huruhusiwi kusema asilimia, basi unaonyesha dume. Huruhusiwi kusema kali, basi unaonyesha farasi anayepiga mateke. Mtazamaji hakuhitaji kukokotoa.

Ni katika miaka hiyo ya sitini kampuni zilipotambua kwamba wateja wanaorudi ni Wamarekani Weusi wa mijini. Matangazo yakahama. Yakaingia kwenye magazeti kama Ebony, yakapandishwa kwenye mabango ya mitaa ya Weusi, yakawapa kazi wasanii wao. Mchekeshaji Redd Foxx alitangaza Colt 45. Katika miaka ya themanini ikawa zamu ya Billy Dee Williams, mwigizaji wa Star Wars, akiwa na suti na sauti ya taratibu, akiahidi kwa tabasamu kwamba kopo hili halikosi kufanya kazi yake. Kazi gani? Mtangazaji hakusema, wala hakuulizwa. Nikiyatazama matangazo yale leo naona ufundi mkubwa, na naona vilevile kwamba mwanamke ndani yake amewekwa kama zawadi ya mwenye kopo.

Isije ikaeleweka kwamba malti lika ilinywewa na Weusi peke yao. Haikuwa hivyo hata siku moja. Wanafunzi Wazungu wa vyuo wameinywa, vibarua wa reli wameinywa, na Olde English 800, ambayo sura yake leo inahusishwa na mitaa ya Los Angeles, ilizaliwa miaka ya arobaini kwenye kiwanda cha Peoples huko Duluth, Minnesota, kaskazini kwenye theluji, kisha ikauzwa mkono kwa mkono mpaka Portland, Oregon. Licha ya jina, hakuna Uingereza ndani yake. Kilichobadilika ni nani aliyeandikiwa tangazo, na kwa miaka thelathini tangazo liliandikwa kwa mtu mmoja.

Sasa tuingie kwenye chupa, maana hapa ndipo hesabu inapoanza kuuma. Ile chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, mliyoiona kwenye video za rap za miaka ya tisini ikiwa ndani ya mfuko wa kaki, inaitwa kwa ujazo wake: wakia 40. Kwa vipimo vyetu ni lita moja na mililita 180. Chukua malti lika ya asilimia nane. Kilevi safi kilichomo ni mililita 94. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia tano, ile inayowekwa mezani kwenye baa ya Sinza au ya Kisumu, ina mililita 25. Kwa hiyo aliyeshika chupa moja ya wakia 40 ameshika karibu bia nne. Na kwa kuwa ladha yake inaharibika ikipata joto, hana sababu ya kuinywa polepole. Hakuna anayefunga kifuniko akaiweka hadi kesho, gesi itakuwa imekwisha. Chupa yenyewe ndiyo inayoamua mwendo.

Bei nayo ilikuwa ya chini, na hilo lina chanzo chake. Kodi ya shirikisho ya bia Marekani haitozwi kwa ukali, inatozwa kwa pipa. Kuanzia mwaka 1991, na kwa zaidi ya robo karne, kiwanda kikubwa kililipa dola 18 kwa kila pipa la lita 117, liwe na bia ya asilimia nne au ya asilimia tisa. Ukijumlisha na mahindi, ambayo Marekani ni nafaka rahisi kuliko shayiri, unaona kwamba kila asilimia ya ziada ya kilevi ilimgharimu mwenye kiwanda senti chache na haikumgharimu chochote kwa mtoza kodi. Nani asingepika bia kali?

Kampuni moja ya San Francisco, McKenzie River, iliielewa hesabu hiyo vizuri. Mwaka 1987 ilileta St. Ides, malti lika kali kupita nyingi zilizokuwepo. Badala ya suti ya Billy Dee Williams ikawaita wanamuziki wa rap wenyewe watunge tangazo kama wimbo: Ice Cube, baadaye Snoop Dogg, Wu-Tang Clan, Notorious B.I.G. Matangazo hayo yalikuwa mazuri mno. Nasema hivyo kwa kusikitika. Mengine yalikuwa na mdundo bora kuliko nyimbo za albamu, na vijana walirekodi redioni wakayasikiliza kama nyimbo. Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy alikasirika alipogundua sauti yake imetiwa kwenye tangazo la St. Ides bila idhini, akaishtaki kampuni mwaka 1991, na mwaka huohuo kundi lake likatoa wimbo wa kuishambulia biashara hiyo, 1 Million Bottlebags. Kwa hiyo ile vita haikuwa ya wazee dhidi ya vijana. Ilipiganwa ndani ya hip hop yenyewe.

Mwaka huo wa 1991 ndio kila kitu kilipasuka. Kampuni ya G. Heileman ya La Crosse, Wisconsin, iliyokuwa imeshaimiliki Colt 45, ilikuwa hoi kwa madeni, iko chini ya ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Ikaamua kujiokoa kwa malti lika mpya, kali kuliko Colt 45, kopo jeusi, jina PowerMaster. Ofisi ya serikali iliyosimamia lebo za pombe iliipitisha lebo hiyo bila shida. Kisha habari zikatoka magazetini kwamba bia hii imelengwa kwa Weusi wa mijini, na moto ukawaka. Mapadri wawili wa Kikatoliki wa Chicago, George Clements, Mweusi, na Michael Pfleger, Mzungu anayehudumu kwenye parokia ya Weusi, wakaongoza upinzani. Daktari mkuu wa serikali, Antonia Novello, akaikemea kampuni hadharani.

Serikali ikajikuta imebanwa. Kuiuza bia kali si kosa. Kuitangaza kwa kundi fulani la watu si kosa. Ilitafuta kifungu, na kifungu kilichopatikana ni kilekile cha mwaka 1935: lebo isitaje ukali. Neno power, walisema, lina maana ya nguvu, nguvu ni ukali, kwa hiyo kampuni imetaja ukali. Julai 1991 kibali kikafutwa. Waandamanaji wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini bia yenyewe haikuwa na kesi, jina ndilo lililokuwa na kesi. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikaja na Colt 45 Premium, nayo ikaruhusiwa. Ukitaka kuona jinsi sheria ya lebo ilivyokuwa imepoteza dira, usiende mbali zaidi ya hapo.

Pigo la mwisho lilitoka pengine kabisa. Kampuni ya Coors ya Colorado ilikuwa imechoka kusikia watu wakisema bia yake ni hafifu. Mwaka 1987 iliomba ruhusa ya kuandika asilimia ya kilevi kwenye lebo, ikanyimwa, ikaenda mahakamani. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Aprili 1995 majaji wote tisa wakakubaliana kwamba katazo lile linavunja uhuru wa kujieleza. Jaji Clarence Thomas aliandika hukumu. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba serikali inayodai kuzuia mashindano ya ukali inaziachia kampuni zitumie jina malti lika, na kila mtu anajua jina hilo linamaanisha kilevi kingi. Yaani dirisha lile nililolisema lilitumika kama ushahidi kwamba mlango umefungwa bure.

Mtu angetarajia kwamba namba zikisharuhusiwa kuandikwa, jina halina kazi tena. Majimbo hayakwenda kwa mwendo huo. Texas, kwa mfano, iliendelea kushikilia kwamba kinachopita asilimia nne kwa uzito hakiruhusiwi kuitwa bia. Lazima kiitwe eli (ale) au malti lika. Watengenezaji wa lager nzito za Kijerumani, zilizopikwa kwa kimea kitupu kwa desturi ya karne nyingi, wakajikuta wanabandika lebo ya malti lika ili waingie Houston. Mwaka 2011 kiwanda kidogo cha Jester King, karibu na Austin, kikaungana na wengine kuipinga kanuni hiyo, na jaji wa shirikisho akaitupilia mbali.

Kwa hiyo ukinunua kopo la Marekani lenye jina hilo, hasa la zamani kidogo, jina peke yake halikuambii lililomo. Angalia viungo na angalia nchi lilikotoka. Mahindi au sukari, hopsi kidogo, asilimia sita hadi tisa, lager: hiyo ni malti lika kwa maana ya mtengenezaji wa bia. Kama ni boki ya Munich iliyobandikwa jina kwa ajili ya Texas, hiyo ni malti lika ya karani.

Wenzetu wanaotusikiliza Uingereza wana ndugu yake wa karibu bila kumjua ukoo. Carlsberg walitengeneza Special Brew mwaka 1950 kwa heshima ya Winston Churchill alipozuru Copenhagen, lager kali ya asilimia tisa, kinywaji cha mgeni mashuhuri. Miongo michache baadaye London waliihusisha na watu wanaolala kwenye mabenchi ya bustani. Ni njia ileile ya Country Club, kutoka karamuni hadi barabarani. Tofauti ni kwamba Uingereza ilichagua kushika kodi. Mwaka 2011 iliweka tozo ya ziada kwa bia yoyote inayopita asilimia 7.5, na Special Brew ikateremshwa, kwanza hadi nane, kisha hadi 7.5 barabara, pale pale mstarini. Hakukuwa na maandamano wala kesi ya lebo. Ukiniuliza mimi, padri Pfleger angeshinda zaidi kama angepata waziri wa fedha upande wake.

Siku hizi rafu ya duka la Marekani imebadilika. Miongoni mwa bia kali za pale ni zile za aina ya IPA za viwanda vidogo, asilimia nane, tisa, hata kumi, zenye hopsi tele na michoro ya kuvutia kwenye kopo. Wanunuzi wake wengi wana vyuo na mishahara. Anayekunywa makopo mawili ya nusu lita ya IPA ya asilimia nane amekunywa mililita 80 za kilevi, si mbali na ile chupa ya mfuko wa kaki, na jirani zake watamsifu kwa kujua mambo ya hopsi. Kilevi ni kilekile na ini ni lilelile. Nakubali kwamba bei inamzuia asinywe kila siku, na kwamba uchungu unampunguza mwendo. Hizo ni tofauti za kweli. Zilizobaki ni za mtaa.

Kiwanda cha Dogfish Head cha Delaware kiliona kichekesho hicho mapema. Miaka ya mwanzoni mwa karne hii kilitoa bia iliyoitwa Liquor de Malt, iliyopikwa kwa mahindi ya rangi tatu, mekundu, meupe na ya buluu, ikaachwa ichachuke tena ndani ya chupa kama zinavyofanywa bia za heshima za Ubelgiji. Chupa ilikuwa ya wakia 40, na ilikuja na mfuko wake wa karatasi ya kaki, umegongwa muhuri kwa mkono. Wapenzi wa bia waliigombania, wakalipa bei iliyozidi ya ile halisi, na wengine wakautunza mfuko.